Tumbusi Humwangalia Mwenzake

Gari lilikata klachi kwenye nyanda za nyasi fupi kusini mwa Ndutu, pembezoni mwa Serengeti, mnamo saa tatu asubuhi, na mahali lilipogoma palikuwa hatua kama sitini tu kutoka kwa nyumbu aliyekufa. Nilikuwa na wageni wawili, mume na mke waliokwisha kustaafu, ambao walikuwa wamekuja Tanzania kwa ajili ya chui na hawakulificha jambo hilo. Kwenye redio ya gari nilielezwa kwamba fundi angetokea Karatu, na kwamba tusimtarajie kabla ya saa nane mchana. Nikawaeleza wageni, nikawaomba radhi, nikawamiminia kahawa ya chupa, kisha sote watatu tukaelekeza darubini zetu kwenye kitu pekee kilichokuwepo cha kutazamwa.

Nakiri kwamba hadi siku hiyo, baada ya miaka mingi ya kuendesha watalii, nilikuwa nimewapita maelfu ya tumbusi, wale ndege wakubwa wala mizoga, bila hata kupunguza mwendo. Kwetu sisi madereva tumbusi alikuwa alama ya barabarani. Ukiwaona wanashuka kwa wingi upande fulani, unageuza gari kuelekea huko, kwa kuwa huenda kuna simba amelala pembeni ya windo lake. Ukifika ukakuta tumbusi peke yao, unawaambia wageni "hakuna kitu" na kuendelea na safari. Nimeyasema maneno hayo mara nyingi sana, huku ndege mia moja wakiwa mbele ya kioo.

Mzoga wenyewe ulikuwa haujaguswa. Alikuwa nyumbu jike aliyekonda, hana jeraha shingoni, hana damu puani, wala hapakuwa na nyayo za fisi kumzunguka. Nadhani alikufa usiku kwa ugonjwa au kwa uzazi, maana ilikuwa Februari na nyumbu walikuwa wakizaa kila mahali. Wa kwanza kufika hakuwa tumbusi. Alikuwa tai wa rangi ya kahawia, aliyetua, akatembea kwa mashaka kuuzunguka mzoga, akadonoa jicho la juu. Dakika kumi baadaye tukasikia mvumo juu ya vichwa vyetu, kama kitambaa kizito kinachochanwa polepole, na tumbusi wa kwanza akapita juu ya gari akiwa amekunja mabawa nusu na miguu ikining'inia. Akafuata wa pili, kisha watatu kwa pamoja, na baada ya hapo mbingu ikawa kama imetobolewa. Saa nne kasoro dakika kumi nilihesabu kumi na mmoja, na ilipofika saa nne na robo nilikuwa nimefika sitini na tatu, nikaacha kuhesabu.

Jambo lililowashangaza wageni wangu, na mimi pia ingawa sikulionyesha, ni kwamba hawakula. Walisimama wameuzunguka mzoga kama watu waliofika kwenye shughuli kabla ya mwenye nyumba kufungua mlango. Ngozi ya nyumbu mzima ni ngumu, na midomo ya wengi wao, ingawa ni mikali, imeumbwa kwa ajili ya kukata nyama laini iliyo ndani na si kwa kupasua ngozi. Wachache walijaribu sehemu zile zilizo wazi, yaani macho, ulimi na njia ya haja kubwa, wakasukumana, wakarudi nyuma. Waliendelea kusubiri kwa zaidi ya nusu saa hadi walipotua wawili ambao mara moja walionekana kuwa wa kabila jingine: wakubwa kuliko wote, wenye vichwa vyekundu vya ngozi iliyokunjamana na midomo mipana kama koleo la fundi seremala. Hao ndio wapasuaji. Mmoja aliweka mguu juu ya ubavu, akashika ngozi ya tumbo, akavuta kwa uzito wa mwili wake wote, na tukasikia inavyoachia.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike makala hii miaka mingi baadaye. Katika lile kundi kubwa kulikuwa na aina mbili zinazofanana kwa mbali, wale wa mgongo mweupe, ambao ni wengi zaidi, na wale wanaoitwa kwa jina la Eduard Rüppell, mtafiti Mjerumani aliyesafiri kaskazini-mashariki mwa Afrika katika karne ya 19. Huyu wa Rüppell ndiye aliyeniteka. Manyoya yake ni ya kahawia iliyokoza karibu na weusi, lakini kila unyoya una ukingo uliopauka, hata ukimwona kwa karibu unadhani ni ndege aliyevaa magamba ya samaki. Mdomo wake una rangi ya pembe ya ndovu ya zamani, jicho lake ni la njano iliyofifia, na kwenye shina la shingo amezungushiwa kola nyeupe ya manyoya laini. Mkubwa wao huwa na uzito wa kilo 7 hadi 9, na mabawa yakitandazwa hufikia mita 2 na nusu kutoka ncha hadi ncha.

Mmoja wao, aliyekuwa ametua muda huo huo na ambaye ni dhahiri alikuwa na njaa, aliingia uwanjani kwa namna ambayo sijaisahau. Alinyoosha shingo mbele, akafungua mabawa nusu, akainua mguu mmoja juu sana huku vidole vimetandazwa, akarukaruka kuelekea kwenye mzoga akitoa sauti ya kukwaruza, na wale waliokuwa wakila wakampisha. Nilidhani ni mbabe wa kundi. Lakini baada ya dakika chache, gole lake lilipoanza kujaa na kuning'inia kifuani kama mfuko, akaja mwingine mwembamba kwa vitisho vile vile, na yule mbabe akaondoka bila kupigana. Ndivyo ilivyoendelea asubuhi nzima. Mwenye njaa kali zaidi hula kwa wakati huo, na aliyeshiba humpisha. Ugomvi wote ule wa kelele na manyoya yanayoruka haukumwachia yeyote jeraha nililoliona.

Yule mama alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu, na akaniuliza swali la kiuguzi: inawezekanaje ndege akatumbukiza kichwa kizima ndani ya matumbo yaliyoanza kuoza, akatoka, na asiugue? Wakati ule sikuwa na jibu la maana. Leo ningemjibu kwamba tumbo la tumbusi lina asidi kali mno, yenye pH inayokaribia 1 (kipimo hiki kikishuka, asidi ni kali zaidi), ambayo bakteria wengi hawaivuki wakiwa hai. Ningemwambia pia kwamba shingo ile ndefu iliyo karibu uchi hainasi damu na uchafu kama ambavyo manyoya marefu yangenasa, na kwamba ngozi hiyo wazi ina kazi nyingine: akiwa na joto huinyoosha, akiwa na baridi huivuta ndani ya ile kola na kuifunika. Ulimi wake una miiba midogo iliyoelekea nyuma, kama msasa, ili nyama laini isiteleze anapoivuta kwa haraka. Na akishamaliza kula, kama kuna maji karibu, huenda kuoga. Mchana ule ule tuliwaona kwenye dimbwi la mvua lililokuwa ng'ambo, zaidi ya ishirini, wamejitumbukiza hadi mabegani na kupiga maji kwa mabawa, kisha wakasimama juani wameyatandaza yakauke. Jua lile huwasaidia pia kunyoosha manyoya marefu ya mabawa, ambayo huwa yamepindika kwa saa nyingi za kubeba uzito angani.

Fundi alifika saa tisa na nusu. Wakati huo nyumbu alikuwa fuvu, pembe, uti wa mgongo na mbavu zilizobaki zimeshikana, na fisi wawili walikuwa wamekwisha kuanza kuvunja mifupa. Chui hatukumwona katika safari ile.

Kabla sijaendelea, nieleze kuhusu jina, kwa sababu Kiswahili chetu cha kila siku hakijamtendea haki ndege huyu. Wengi wetu tunasema tu "tai", na neno hilo tunalitumia kwa anayewinda na kwa anayekula mizoga bila kutofautisha. Hata katika Biblia ya Kiswahili, orodha ya ndege walioharamishwa katika Mambo ya Walawi inaanza na tai, furukombe na kipungu, na ukiwauliza wasomaji kumi ni yupi kati ya hao anayekula mizoga utapata majibu kumi. Neno tumbusi lipo, ni zuri na ni lake peke yake, lakini tumeligeuza tusi: mrithi anayefika matangani kabla ya maiti kuzikwa ni tumbusi, na mwanasiasa anayenufaika na shida za watu ni tumbusi. Sioni haki hapo. Mrithi wa namna hiyo humwombea mtu afe, lakini tumbusi wa Rüppell hana kucha za kuulia wala mguu wa kukamatia. Vidole vyake ni butu kwa kulinganisha na vya tai, kwa kuwa kazi yake ni kutembea na kusimama.

Baada ya siku ile ya klachi nilianza kuuliza na kusoma, na nikagundua kwamba nyanda zile zile nilizokuwa nikizipita ndipo mahali ambapo dunia ilijifunza sehemu kubwa ya inayoyajua kuhusu tumbusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wawili walifanya kazi Serengeti kwa njia tofauti. David Houston aliwafuatilia wanakula nini na wapi, na Colin Pennycuick, aliyekuwa rubani, aliruka pamoja nao kwa ndege ya kuelea iliyofungwa injini ndogo, akizunguka ndani ya safu zile zile za hewa ya moto walimozunguka wao. Houston alibaini jambo ambalo lingeniondolea kiburi changu cha udereva: chakula kikubwa cha tumbusi wa Serengeti hakitokani na mawindo ya simba wala fisi, bali na wanyama wanaojifia wenyewe kwa njaa, ugonjwa na ajali za msafara wa kuhama, kama nyumbu wetu. Kwa makadirio yake, tumbusi walikula nyama nyingi zaidi ya ile iliyoliwa na wanyama wala nyama wa miguu minne wote kwa pamoja.

Wanaweza hivyo kwa sababu ya namna wanavyosafiri. Tumbusi mzito kiasi hicho hawezi kupiga mabawa kwa muda mrefu. Angechoka haraka na kutumia nguvu nyingi kuliko anazopata katika chakula. Kwa hiyo husubiri jua liipashe ardhi, hadi hewa ya moto ianze kupanda, kisha huingia ndani ya hewa hiyo na kuzunguka akipanda nayo bila kupiga bawa. Akifika juu ya kutosha huachia, akateleza kwa mstari mrefu huku akishuka taratibu, hadi akute hewa nyingine inayopanda. Kwa mwendo huo husafiri karibu kilomita 47 kwa saa, na anaweza kutoka kwenye kiota chake asubuhi, akala umbali wa zaidi ya kilomita 100, na kurudi kabla ya giza. Ndiyo maana anaweza kuufuata msafara wa nyumbu ambao simba, aliyefungwa na eneo lake na watoto wake, hawezi kuufuata.

Na huko juu anatazama. Tumbusi wa Afrika hanusi mzoga. Hutegemea macho peke yake, tofauti na baadhi ya wenzake wa mabara ya Amerika, ambao hunusa na ambao kwa kweli ni ukoo mwingine kabisa uliofikia maisha yale yale kwa njia yake. Lakini kinachonivutia ni anachokitazama. Kutoka mita mia kadhaa angani, jicho moja haliwezi kuikagua Serengeti yote. Kila ndege huangalia kipande cha nchi kilicho chini yake, na pia humwangalia jirani yake, aliye mbali kama nukta. Jirani akiacha kuzunguka na kuanza kushuka, huyu humfuata; yule wa nyuma, ambaye hajauona mzoga wala ndege wa kwanza, humwona huyu wa pili naye akafuata; na hivyo habari ya nyumbu mmoja aliyekufa huenea angani kwa makumi ya kilomita bila sauti yoyote. Wale sitini na tatu wa saa nne na robo hawakuwa wamemwona nyumbu wetu. Wengi wao walikuwa wameonana wao kwa wao.

Kuhusu urefu wanaoweza kufikia, kuna kisa kimoja ambacho huwasimulia wageni wakianza kusinzia. Tarehe 29 Novemba 1973, ndege ya abiria iliyokuwa ikiruka juu ya Abidjan, nchini Côte d'Ivoire, iligongana na kitu kikubwa ikiwa futi 37,000 kutoka usawa wa bahari, yaani mita 11,300 hivi. Injini moja iliharibika ikazimwa, nayo ndege ikatua salama. Katika mabaki yaliyokusanywa yalikuwemo manyoya ambayo Roxie Laybourne, mtaalamu wa manyoya wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani, aliyatambua kuwa ya tumbusi wa Rüppell. Hakuna ndege aliyewahi kuthibitishwa kufika juu zaidi ya hapo. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895, na mpandaji anayefika pale huwa anahema kwa taabu na kichwa kinamgonga. Huyu alikuwa karibu mara mbili ya hapo, katika hewa ambayo binadamu angepoteza fahamu kwa muda mfupi sana. Himoglobini ya damu yake, ile inayobeba oksijeni, ina uwezo wa pekee wa kuinasa hata inapokuwa haba. Ni nini kilichompeleka huko siku ile, sisemi. Wageni huniuliza, nami hujibu kwamba ni yeye tu ndiye angeweza kueleza.

Kwa wale wa kwetu, nyumbani ni kwenye miamba. Tumbusi wa mgongo mweupe hujenga juu ya miti, lakini wa Rüppell hutaka genge refu, na katika kaskazini ya Tanzania genge hilo ni Korongo la Olkarien, kwenye Milima ya Gol, ndani ya eneo la Ngorongoro. Nilikwenda kwa mara ya kwanza nikiwa likizo, bila mgeni hata mmoja, jambo ambalo mke wangu hadi leo anaona halina akili. Tuliliacha gari na kutembea na mzee mmoja wa Kimaasai ambaye boma lake liko upande wa mashariki wa milima hiyo. Korongo lenyewe ni mpasuko mwembamba wenye kuta zinazokwenda juu moja kwa moja, na jambo la kwanza unaloliona ni weupe: michirizi mirefu ya kinyesi cha miaka mingi, iliyoshuka kwenye mwamba kama mtu aliyepaka chokaa kwa ndoo badala ya brashi. Kisha unasikia kishindo cha mabawa kila mmoja anapoondoka kibarazani kwake, kwani sauti yake hugonga ukuta huu na ule kabla haijatoka.

"Mzee, hawa hawawasumbui mbuzi?" nilimuuliza.

Alinitazama kama mtu anayepima kama swali ni la kweli. "Mwanangu, hawa hawali kitu chenye roho," akasema. "Ng'ombe wangu akipotea nikamtafuta siku nzima nisimwone, kesho yake naangalia juu. Wakishuka mahali, naacha kutafuta. Nakwenda kuchukua ngozi, kama wameniachia."

Tulikaa pale hadi alasiri. Kwa darubini niliweza kumwona kifaranga mmoja kwenye kibaraza kilichokuwa usawa wa macho yetu, ng'ambo ya korongo, ameketi juu ya kiota cha vijiti vilivyokanyagwa vikawa kama mkeka. Jozi ya tumbusi wa Rüppell hutaga yai moja tu. Huliatamia kwa siku 55 hivi, baba na mama wakipokezana, na kifaranga akishatoka huchukua karibu miezi mitano kabla hajaruka; baada ya hapo huendelea kuwategemea wazazi kwa muda, na hazai mpaka awe na umri wa miaka mitano au zaidi. Mzazi harudi na nyama mdomoni wala kuchani. Huibeba ndani ya gole, zaidi ya kilo moja, na akifika humtapikia mtoto.

Hapo ndipo nilipowakumbuka wale fisi wa Ndutu. Nyama laini haina madini ya chokaa ya kutosha kumjenga kifaranga anayekua kwa kasi ile, na mzazi hana meno ya kuvunja mfupa. Huokota vipande vidogo vilivyoachwa na fisi alipokuwa akitafuna, akavileta pamoja na nyama. Katika sehemu za kusini mwa Afrika ambako fisi walimalizwa na wafugaji, watafiti wa miaka ya 1970 walikuta vifaranga wa tumbusi wa huko wana mifupa ya mabawa iliyopinda na kuvunjika, kwa kukosa vile vipande. Mtu aliyemuua fisi kwa ajili ya kondoo wake hakujua kwamba amevunja bawa la ndege kwenye mwamba ulio mbali naye.

Sasa nifike kwenye hesabu, ambazo sizipendi. Mwaka 2015 tumbusi wa Rüppell aliwekwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, pamoja na wenzake watatu wa Afrika, akiwemo yule wa mgongo mweupe ambaye sisi madereva tulimwona ni wa kawaida kama kunguru. Utafiti uliokusanya takwimu za bara zima na kuchapishwa wakati huo ulikadiria kwamba wa Rüppell wamepungua kwa asilimia 97 katika muda wa vizazi vitatu. Huko Masai Mara, ng'ambo tu ya mpaka, tumbusi kwa ujumla walikuwa wamepungua kwa takriban asilimia 60 katika miaka 30. Wengine hufa kwa nyaya za umeme, na wengine huuawa kwa ajili ya waganga, kwa imani kwamba ndege anayejua mzoga ulipo anajua pia yajayo. Hata hivyo kinachoua zaidi ni sumu, na mara nyingi katika Afrika Mashariki sumu hiyo haikuwekwa kwa ajili yao.

Simba huvamia zizi usiku, ng'ombe wawili au watatu wanakufa, na mfugaji ambaye ng'ombe hao ndio ada ya shule na mahari na akiba ya ugonjwa anaupaka mzoga uliobaki dawa ya kuulia wadudu wa mashambani, inayopatikana dukani kwa bei ndogo, akimsubiri simba arudi. Simwoni kuwa mtu mbaya. Mimi mwenyewe nimezaliwa katika nyumba ya mifugo na najua marehemu baba angesema nini. Kwingine mtegaji ni jangili, ambaye anawachukia tumbusi kwa sababu ile ile iliyotufanya sisi madereva kuwapenda: wakizunguka juu ya tembo aliyeuawa, askari wa wanyamapori huwaona. Mwezi Juni 2019, kaskazini mwa Botswana, mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537.

Idadi hiyo haiwezekani kwa mnyama mwingine yeyote ninayemjua. Sumu kwenye mzoga ingemuua simba mmoja na watoto wake, au ukoo wa fisi. Lakini tumbusi humwangalia mwenzake, na mwenzake anaposhuka hufuata, na anayefuata hufuatwa, na uwezo huo ambao umewafikisha kwenye kila mzoga wa nyanda hizi kwa vizazi visivyohesabika ndio unaokusanya ndege wa nchi nzima kwenye sahani moja. Halafu warudi kuziba pengo kwa yai moja.

Tunaowahitaji ni sisi. Mtafiti Darcy Ogada na wenzake waliweka mizoga ya mbuzi huko Laikipia, Kenya, mingine ikifikiwa na tumbusi na mingine ikizuiwa, na mahali ambapo tumbusi hawakufika mizoga ilichukua karibu mara tatu ya muda kumalizika, huku wanyama wa miguu minne wakizidi kukusanyika na kukutana pale. Mfugaji anayekijua kimeta, au aliyewahi kumwona mbwa mwenye kichaa, hahitaji kuelezwa maana yake. India walijifunza kwa njia ngumu zaidi: tumbusi wao walikufa karibu wote katika miaka ya 1990, na hadi 2004 ndipo ilipofahamika kwamba kisababishi ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, ambayo huharibu figo za tumbusi anayekula mzoga. Waliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006, wakati mbwa wa majalalani walikwisha kurithi kazi hiyo na kuongezeka.

Miaka michache iliyopita niliitwa na rafiki ambaye ni askari wa wanyamapori kwenda kusaidia mahali fulani nje ya mpaka wa hifadhi, ambapo sitapataja. Gari lao lilikuwa bovu, langu lilikuwa zima. Tulifika saa tatu. Ng'ombe alikuwa amelala chini ya mgunga, na kitu cha kwanza nilichokitambua ni ukimya, kwa sababu mzoga wa siku mbili hupaswa kuwa na nzi, na nzi walikuwepo lakini wote wamekufa, wametanda juu ya ngozi na kwenye nyasi kama pilipili manga iliyomwagika. Fisi wawili walikuwa karibu. Mbweha mmoja alikuwa amefika mbali kidogo. Tumbusi walikuwa thelathini na wanne, wengine wameanguka kifudifudi na mabawa wazi, wengine wamekunja vichwa chini ya kifua, na kumi na mmoja kati yao walikuwa na yale magamba meupe. Simba hakuwa amekuja.

Mizoga ya namna hiyo lazima ichomwe yote, na wale ndege pia, kwa kuwa kila aliyekufa kwa sumu amekuwa chambo kipya. Tulikusanya kuni kavu, tukavaa glavu, tukawabeba mmoja mmoja. Sikuwa nimewahi kumshika tumbusi, na sikutarajia manyoya ya shingoni yawe laini kiasi kile. Moto ulichelewa kushika. Jua lilikuwa limepanda, hewa ya moto ikaanza kupanda kutoka ardhini, na mmoja wetu akaangalia juu akaona nukta inazunguka. Kisha nukta ya pili. Rafiki yangu akatupa kuni chini na kuvua shati, akaanza kukimbia uwanjani akilipunga juu ya kichwa na kupiga kelele, na sote tukafanya hivyo hivyo, watu wazima watano tunakimbia huku na huko chini ya mgunga kama watoto wanaofukuza ndege kwenye mtama. Wa kwanza alikuwa amekwisha kuning'iniza miguu. Alipita chini sana hata nikaona jicho lake la njano likinigeukia, akasita, akapiga mabawa mara nne nzito, akapanda. Yule wa pili alimwona akipanda, naye akageuka. Tulisimama vifua wazi, tukiwafuata kwa macho mpaka wakaingia kwenye hewa ya mbali na kuanza kuzunguka kuelekea Gol.